Kukimbia Hakukuwa Kwenye Fiche

Ukifika Beni asubuhi, nyuma ya zahanati moja ambayo sitaitaja jina, utakuta watu wenye miguu mibovu wakikimbia. Wanakimbia vibaya, sitakudanganya. Mmoja anachechemea, mwingine anarusha mguu kando kama anayefukuza kuku, na msichana mwenye kitambaa cheusi kichwani anapiga makofi na kupaza sauti: "Kimbia, Papa! Hapana tembea, kimbia!" Madaktari wageni humcheka. Wanauliza ni nani aliyemfundisha kukimbiza wagonjwa. Aliyemfundisha kazi ni mimi, kule Butembo, kabla hajarudi kwao Beni, na hilo la kukimbiza wagonjwa sikumfundisha. Ndiyo sababu naandika.

Jina lake ni Hadjara. Baba yake, Mzee Issaka, ni Mwislamu wa Beni mwenye lori moja linalobeba mizigo hadi Kirumba na kurudi. Alitaka binti yake akae kwenye duka la vipuri la kaka mkubwa wa binti huyo. Binti alitaka kuwa msaidizi wa kine, tangu siku alipomwona kine mmoja akimsimamisha bibi yake aliyekuwa amepooza. Daktari akishaunga mfupa na kwenda zake, kine ndiye anayemfundisha mwenye mfupa kuutumia tena. Msaidizi wake ndiye anayemshika mgonjwa kiunoni na kutukanwa.

Mimi naitwa Gracien. Nimekuwa kine katika hospitali moja ya Butembo kwa miaka ishirini na sita, na wanafunzi wanaokuja kwangu kufanya stage, yaani mazoezi ya kazi, wanauogopa mdomo wangu. Wana haki.

Mtihani wetu wa mwisho si wa karatasi. Kila mwanafunzi anapewa mgonjwa mmoja, anamfuata miezi mitatu, na siku ya jury anamleta mbele ya wakubwa waone kazi yake. Usipoleta mgonjwa, umeanguka. Mwaka wa kwanza Hadjara alipewa dereva wa pikipiki aliyeumia goti. Akamhudumia vizuri mno, hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Wiki moja kabla ya jury yule bwana aliliona goti limepona, akapanda pikipiki yake, akapotea. Hadjara alisimama mbele ya jury akiwa na kiti kitupu. Akaanguka.

Mzee Issaka alikuja mwenyewe hadi Butembo kumwambia, mbele yangu: "Mwaka moja tena, Hadjara. Ukianguka, unarudia Beni, unakaa ku magasin ya yaya yako. Njo mwisho." Kwake mwisho ni mwisho; si mtu wa kurudia maneno. Hadjara aliitikia kwa kichwa, na baba alipoondoka alijifungia kwenye chumba cha magongo akalia hadi wagonjwa wakaanza kuuliza.

Mwaka wa pili tukampa Mama Jokébed.

Huyu alikuwa mkulima wa Kalunguta, Mprotestanti, mama wa watu wazima, mwenye sauti ya kuongoza nyimbo kanisani. Pikipiki iliyombeba ilianguka naye, na paja la kulia likavunjika vipande viwili. Madaktari walimtia chuma ndani ya mfupa. Alipofika kwetu goti lilikuwa gumu kama ubao, na paja limekonda hadi ngozi inaning'inia.

Siku ya kwanza mwanafunzi hujaza fiche, ile karatasi ngumu ya mgonjwa. Juu kabisa kuna mstari wa lengo, na lengo linaandikwa kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Hapo mimi ni mkali. Hadjara akamuuliza: "Mama, unataka muguu ikusaidie kufanya nini?"

"Kufika ku shamba yangu, na kurudia na maharagi."

Hadjara akaandika: kutembea hadi shambani, kupanda mlima, kurudi na mzigo. Nikaweka sahihi yangu chini.

Mwezi mmoja alimkunja goti kila asubuhi. Mama Jokébed alikuwa akiimba ili asipige kelele, na siku maumivu yalipozidi aliimba kwa nguvu hadi wodi ya wazazi ikajibu kiitikio. Hadjara alimfulia nguo, akamletea uji wa mtama, akamkanda mgongo. Nikamtania kwamba anamlinda kama kuku wa Noeli. Hakucheka. Alikuwa anakiogopa kile kiti kitupu, na wote tulijua.

Ikafika zamu ya mzigo. Hadjara, mtoto wa mjini, alifanya kama kitabu kinavyosema: akamwekea beseni la mchanga kichwani na kumwambia anyooshe mgongo. Mama Jokébed akapiga hatua mbili, beseni likaanguka, mchanga ukamwagikia viatu vyangu.

"We mutoto," akasema, "nani alikuambiaka mi nabebaka ku kichwa? Siye bamama ba huku, kamba inapita ku paji ya uso, muzigo inalala ku mugongo. Ule mwalimu wenu alitokaka wapi?"

Mwalimu wao alikuwa amesimama hapo hapo akikung'uta mchanga. Miaka ishirini na sita nimeishi Butembo, naona wanawake wa Kinande wakipita barabarani wameinama chini ya kamba zao, na miaka yote hiyo nimewafundisha wagonjwa kubeba beseni kichwani. Niliona aibu, jambo ambalo hunitokea mara chache.

Hadjara akaenda sokoni kununua kamba. Akaijaribu kwanza yeye mwenyewe, akauguza shingo siku mbili. Akagundua kwamba mwenye kamba huinama, na akiinama uzito wote huangukia magoti, basi goti lililokuwa linatosha kutembea uani halitoshi kabisa kupanda mlima wa Kalunguta. Akaanza upya. Kilo tano za mchanga, kilo kumi, ishirini, kwenye mteremko ulio nyuma ya jengo la kufulia nguo. Zaidi ya yote alimfundisha kutua mzigo, maana hapo ndipo mfupa unaweza kuvunjika tena: simama, weka mkono pajani, peleka mguu mzima nyuma, shuka polepole, kaa, mzigo uguse chini, halafu ndipo uondoe kamba. "Polepole, Mama, tena." Mara hamsini kwa siku. Sijawahi kuona mwanafunzi akifanya kazi nzuri kama ile.

Wiki mbili kabla ya jury, adui walionekana ng'ambo ya mlima wa Kalunguta. Huku hatuhitaji kueleza adui ni nani. Wanakuja na mapanga, wanaua, na wanaondoka. Watu wa huko walilala porini siku tatu, kisha wakarudi majumbani, maana maharagwe hayangoji. Asubuhi habari hiyo ilipofika wodini, Mama Jokébed hakuimba. Alimaliza mazoezi, akakaa juu ya gunia lake la mchanga, akauliza: "Mutoto, na kukimbia utanifunza siku gani?"

Hadjara akaniletea swali mbio mbio. Nilikuwa nakunywa chai.

"Iko ku fiche?" nikamuuliza.

"Hapana, Monsieur Gracien. Mais lakini yeye mwenyewe njo anauliza."

"Muambie siye ni bakine, hapana bakocha ya mupira."

Wenzake wakacheka. Hadjara alibaki amesimama, fiche mkononi. Akasema kwamba tukibadilisha lengo sasa, jury itaona halijafikiwa. Nikamwambia umejijibu mwenyewe. Tena mfupa ule ulihitaji miezi miwili zaidi kabla ya kukimbia, na kine yeyote angesema hivyo. Nilikuwa na sababu nzuri. Watu kama mimi huwa nazo siku zote.

Akarudi kwa Mama Jokébed. Sijui alimwambiaje. Niliona tu kwamba yule mama alimshika shavu, akainuka, akavaa kamba yake.

Siku ya jury walikuja wakubwa watatu. Mmoja, mwenye tai, akauliza kwa nini mgonjwa ameinama hivyo. Hadjara akamweleza habari ya kamba na magoti. Mama Jokébed akapanda mteremko na kilo ishirini mgongoni, akashuka, akatua mzigo: mkono pajani, mguu mzima nyuma, polepole, kamba mwisho. Yule wa tai akapiga makofi, na si mtu wa kupiga makofi.

"Mama, umeridhika?" akamuuliza.

"Naridhika, Docteur. Mais..."

Akamtazama Hadjara. Hadjara alikuwa amekauka. Nilijua neno lililokuwa mdomoni mwa yule mama, na nawaambia ukweli, niliomba Mungu amsaidie alimeze.

"Mais nini, Mama?"

"Mais muchanga hapana chakula. Mungenibebesha maharagi."

Jury ikacheka. Hadjara alipita wa kwanza katika darasa lake. Mzee Issaka alipopigiwa simu akaomba wampe yule mama amshukuru. Hospitali ikamchukua Hadjara kazini wiki ile ile.

Jambo la kwanza aliloniomba akiwa na cheti chake ni kumzuia Mama Jokébed mwezi mmoja zaidi. "Tumufunze kukimbia, kidogo tu." Lakini kitanda kilikuwa kinahitajika, na fiche ilisema lengo limefikiwa. Nilisaini aende nyumbani. Tukamwazima fimbo ya hospitali, ikaandikwa kwenye daftari.

Wiki tano baadaye mlangoni alisimama mwanamume mwenye koti la kanisani, kofia mkononi, na fimbo yetu kwapani. Alikuwa Phinées, mume wa Mama Jokébed.

"Nakuya kurudisha fimbo," akasema. "Ni ya hospitali. Yeye mwenyewe alisemaka hapana kuisahau."

Hadjara alikuwa anamkunja mgonjwa goti. Akaacha.

Phinées akaeleza bila kupaza sauti. Walikuwa shambani, watu saba, wanavuna. Mtu akapiga kelele upande wa mto. Wote wakatupa walichobeba wakakimbia. Yeye alifikiri mkewe yuko nyuma yake. Alipogeuka, alimwona bado juu pale, kamba ikiwa bado kwenye paji la uso.

"Alikuwa anatua muzigo," akasema. "Mukono ku paja, muguu muzima nyuma. Polepole. Alikuwa anaogopa kuvunjika tena. Kisha akatosha kamba ku paji, akaanza kutembea. Siye bote tulikimbia. Yeye alitembea. Alitembea muzuri kabisa, vile mulimufunza."

Hakusema hivyo kwa ubaya. Alikuwa anatushukuru. Akainama kidogo mbele ya Hadjara, akaongeza kwamba hadi siku ile ya mwisho mkewe alikuwa akimwombea kila jioni, "ule mutoto wa Beni."

Hadjara hakulia mbele yake. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili hadi alipomaliza kusema. Kisha akafungua kabati, akaitoa fiche, akaisoma juu mpaka chini kana kwamba kuna mstari alioukosa.

"Monsieur Gracien," akasema, "mwezi moja tu. Nilikuomba."

"Ndiyo," nikamjibu. "Uliniomba."

Phinées alikuwa bado amesimama, anangoja. Alitaka niandike kwamba fimbo imerudi, asije akadaiwa. Nikafungua daftari, nikatafuta jina la Mama Jokébed, na mbele yake nikaandika: fimbo moja, imerudishwa, haina kasoro.