Stamili, fundi anayeuliza laptopu ililala wapi

Saa mbili na robo asubuhi, ukungu bado umekalia mabati ya soko la Newala. Stamili Bwanali anafungua kufuli la kibanda chake, anafuta meza kwa kitambaa kikavu, kisha anapanga vifaa kama anavyovipanga kila siku: bisibisi kushoto, mita katikati, chupa ya spiriti kulia. Maji amekuja nayo lita moja, ya kunywa na ya kunawa mpaka jioni.

Mteja wa kwanza ameshafika. Ni Alfredi Majaliwa, bwana shamba mstaafu mwenye umri wa miaka 63, kutoka kijiji kilicho kilomita kumi na nne nje ya mji. Amepakata mkoba mweusi uliofifia kingo.

"Shikamoo, Baba Anthony."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa. Tangu Jumapili haamki."

Mgonjwa mwenyewe ni laptopu aliyoinunua ikiwa imeshatumika, miaka kumi na mitatu iliyopita. Ndani yake kuna faili moja tu analolihitaji, nalo analihitaji kabla ya keshokutwa, Ijumaa.

Kwa misimu kumi na sita Alfredi amepima mvua kijijini kwake. Kila asubuhi ya masika husoma kipimo, huandika kwenye daftari, na mwisho wa mwezi huingiza namba kwenye kompyuta, ambako alishanakili pia zile za misimu ya mwanzo, kabla hajainunua. Hakuna aliyemtuma wala anayemlipa. Sasa shirika moja liko tayari kujenga tangi la kuvunia maji ya mvua kwenye zahanati ya kijiji, ambako mama anayekwenda kujifungua bado hubeba dumu lake la maji. Mhandisi wa shirika hilo ametaja matangi mawili: la lita 90,000 na la lita 150,000. Kubwa litajengwa iwapo kijiji kitaonyesha, kwa takwimu za miaka isiyopungua kumi, kwamba mvua ya kulijaza ipo na kwamba kiangazi ni kirefu kiasi cha kulimaliza dogo. Zisipokuwepo takwimu, litajengwa dogo. Mkutano ni Ijumaa saa nne.

"Madaftari yako wapi?" Stamili anauliza.

"Yaliliwa na mchwa. Sanduku zima."

"Na flashi?"

"Flashi alichukua mkwe wangu. Akafuta, akajaza muziki."

Stamili anachomeka nyaya za mita kwenye chaja: volti 19.3, chaja ni nzima. Anabonyeza kitufe cha kuwasha. Taa ya bluu inawaka, feni inazunguka, kioo kinabaki cheusi.

"Haijafa," anasema. "Iliyokufa haiwashi taa."

Kisha anauliza maswali matatu anayomuuliza kila mteja.

"Ilianguka?"

"Haijaanguka."

"Ilinyeshewa?"

Alfredi anacheka. "Mwezi wa kumi, Newala? Inyeshewe na nini?"

"Ililala wapi?"

Hapo mzee anajibu kwa fahari kidogo. Ililala stoo, chumba pekee nyumbani kwake chenye mlango wa chuma, pamoja na mifuko ya salfa, unga wa kupulizia mikorosho. Na kwa kuwa mchwa walishamtia hasara mara moja, safari hii alijihami: alifunga viganja viwili vya salfa kwenye kitambaa, akavitumbukiza ndani ya mkoba, ubavuni mwa laptopu.

"Hakuna mdudu aliyesogea," anasema.

Happiness, anayetoa fotokopi kibanda cha pili, amesikia yote kupitia ukuta wa mbao. "Baba Anthony, umeipulizia laptopu kama mkorosho!"

"Ndiyo. Na isipozaa mwaka huu, naipogoa."

Swali la tatu Stamili hakulipata darasani. Alisoma ufundi umeme Ndanda kwa miaka miwili, kisha akakaa mwaka mmoja na nusu Mtwara kwa fundi Cecil, aliyemfundisha kufungua kompyuta na, zaidi ya hapo, kuandika kila anachokikuta ndani. Aliporudi Newala akiwa na miaka 27, alianza na meza ya kukopa nje ya duka la nguo. Leo ana miaka 36, kibanda chake mwenyewe, na kipato cha kati ya shilingi 350,000 na 500,000 kwa mwezi. Kwa kipato hicho anamsomesha binti yake, Naima, aliyeko kidato cha pili.

Daftari lake la ufundi ndilo lililomwonyesha kitu ambacho mafundi wa Mtwara hawakukiona. Mwaka jana alipokea mashine 214. Kati ya hizo, 37 zilikuwa na viungio vilivyogeuka vyeusi, na 29 kati ya hizo 37 zilikuja kati ya Agosti na Novemba, wakati watu wanatoa vifaa vyao stoo baada ya msimu wa kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho.

"Mwanzoni nilidhani ni vumbi," anasema. "Vumbi unalifuta linatoka. Hii haikutoka. Salfa ikikaa karibu na shaba au fedha, na hewa ina unyevu, inatengeneza ngozi nyeusi. Umeme haupiti hapo. Mwenye mashine anaambiwa imeungua, anaitupa, kumbe haijaungua."

Anageuza laptopu, anatoa betri, anafungua skrubu kumi na moja na kuziweka kwenye kifuniko cha chupa kwa mpangilio wa zilivyotoka. Harufu ya salfa inapanda mezani. Anachomoa vipande viwili vya kumbukumbu, ambavyo mafundi huviita ramu, na kumwonyesha Alfredi kingo zake. Meno yaliyopaswa kung'aa kama dhahabu yana madoa meusi.

"Hii ndiyo kazi ya kile kitambaa chako, baba."

Alfredi anavaa miwani, anaangalia kwa muda. "Basi mimi nilimzuia mchwa, nikamkaribisha mwingine."

Stamili anasugua meno yale kwa kifutio cha penseli, polepole, upande mmoja hadi mwingine, kisha anapitisha brashi yenye spiriti kwenye matundu yake. Anarudisha kipande kimoja tu, anawasha. Giza. Anakihamishia tundu la pili, anawasha tena. Kioo kinapata mwanga.

Ni saa tatu kasoro dakika tano. Alfredi ameshanyanyuka kwenye benchi na kumpigia makofi.

"Kaa kwanza, baba," Stamili anasema.

Anasoma maandishi meupe yaliyotokea. Mashine imeamka, lakini inasema haioni diski yoyote. Na mvua ya misimu kumi na sita imo kwenye diski.

Hapa ndipo Stamili anapopunguza mwendo. Miaka sita iliyopita muuguzi mmoja alimletea laptopu isiyosoma diski. Aliiwasha, ikagoma. Akaiwasha tena, na tena, akitumaini, hadi mara ya kumi. Diski ikaanza kugonga ndani, kisha ikanyamaza kabisa. Zilipotea picha zote za marehemu mama yake yule muuguzi.

"Hakunilaumu hata kidogo," Stamili anakumbuka. "Akaniambia asante kwa kujaribu. Nilijua kabisa kosa langu liko wapi. Nilikuwa natumaini badala ya kupima."

Tangu siku hiyo ana kanuni moja: diski isiyosoma haiwashwi mara ya tatu. Zaidi ya hapo huwaelekeza wateja kwa wataalamu wa Dar es Salaam, ambako kazi huchukua wiki kadhaa. Laptopu ilipopata mwanga ilishatumia mara moja. Imebaki moja.

Anamweleza Alfredi hivyo hivyo, bila kumficha kitu.

"Na ukikosa?"

"Nikikosa, inakwenda Dar. Ijumaa utaingia mkutanoni mikono mitupu."

Mzee anaketi. Happiness naye amezima mashine yake ya fotokopi na kuja kusimama mlangoni.

Stamili anachomoa diski. Kifuniko chake cha juu hakigusi. Humo ndani kuna sahani zinazoharibiwa hata na chembe ya vumbi, na soko la Newala lina vumbi la kutosha. Anaigeuza. Chini yake kuna bodi ndogo ya kijani iliyoshikwa na skrubu sita zenye tundu la nyota. Anazifungua moja baada ya nyingine, ananyanyua bodi kwa ukucha na kuilaza chali.

Upande ule uliokuwa umejificha kuna safu ya vidoti vya kugusana, vipatavyo ishirini. Vyote ni vyeusi kama masizi.

"Haya," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anatabasamu. "Hiki ninakifahamu."

Kazi ya kusafisha vidoti hivyo inamchukua dakika thelathini na tano. Anasugua kwa kifutio, anapuliza kwa mpira wa hewa, anafuta kwa spiriti, anatazama kwa kioo cha kukuzia, anarudia. Kimoja kinakataa kung'aa. Anakirudia mara nne. Anaacha spiriti ikauke kwa dakika kumi zilizohesabiwa kwenye simu. Happiness anamwambia inatosha, awashe tu. Stamili anamjibu kuwa bado dakika tatu.

Anarudisha bodi, anakaza skrubu sita, lakini diski hairudishi kwenye laptopu ya mzee. Anaiunganisha kwa waya kwenye kompyuta yake mwenyewe, ili isomwe tu bila kuandikwa chochote juu yake.

Anachomeka.

Diski inaanza kuzunguka. Hakuna kinachotokea kwenye kioo. Stamili ameweka kidole juu ya waya, tayari kuuchomoa, na sikio lake liko karibu na diski.

"Haigongi," anasema taratibu. "Isipogonga, tunaisubiri."

Sekunde ya ishirini na kitu, kisanduku kinafunguka kwenye kioo. Kuna mafolda matano. La tatu limeandikwa MVUA.

Hafungui kwanza. Ananakili. Nakala moja kwenye kompyuta yake, moja kwenye flashi mpya, na ya tatu anamtumia Happiness. Ndipo anamgeukia mzee.

"Baba, nitajie siku moja unayoikumbuka kwa hakika. Tuone kama namba ziko sawa."

Alfredi hafikirii. "Tarehe tatu Februari, mwaka 2016. Milimita mia moja na kumi na mbili. Barabara ya kijiji ilikatika."

Stamili anatafuta mstari. Tarehe ipo. Namba iliyoandikwa ni 118.

"Limeharibika?" Happiness anauliza.

Stamili anakagua jumla ya mwezi iliyoko chini ya safu, anajumlisha upya siku zote kwa kikokotoo cha simu. Jumla zinalingana. "Faili ni zima," anasema.

"Basi kutu imeingia kwenye kichwa changu," Alfredi anasema, na wote watatu wanacheka. "Ndiyo maana niliandika."

Ijumaa mkutano ulifanyika kama ulivyopangwa. Alfredi alisoma karatasi mbili alizochapiwa na Happiness: wastani wa milimita 921 kwa msimu, na kiangazi kirefu kuliko vyote, siku 227 bila mvua ya maana. Mhandisi alipiga hesabu zake mbele ya watu. Likapita tangi la lita 150,000.

Kwa Stamili, kazi ile imezaa nyingine. Anasema wilayani kuna laptopu nyingi za aina hii: kuukuu, za pekee, zenye kitu kisichopatikana kwingine, kuanzia nyimbo za kwaya hadi ramani za mashamba. Kuanzia mwezi ujao, kila mashine itakayopita mezani kwake itawekewa nakala kwa idhini ya mwenyewe, kwenye diski itakayotunzwa Ndanda kwa dada yake Anastasia, mbali na stoo yoyote ya salfa. Faili la kwanza limeshaingia. Na Alfredi hatasubiri tena mwisho wa mwezi. Atamsomea Stamili kipimo kwa simu asubuhi ile ile baada ya mvua kunyesha, naye ataandika.

"Kila mvua?" Happiness anamchokoza kupitia ukuta wa mbao. "Hata milimita mbili akupigie?"

"Anipigie," Stamili anajibu, huku akifungua skrubu za mashine nyingine. "Mbili nayo ni namba."