Mwalimu Aliyefia Gazetini

Harufu ya wino mbichi na mafuta ya taa ndiyo iliyoniamsha kila siku ya gazeti. Mashine ya chapa ilikaa upande mmoja wa nyumba yetu ya Lushoto, sisi upande wa pili, na ilipoanza kazi vikombe vililia kabatini. Babu ndiye aliyeanzisha gazeti, baba akalirithi, na mimi, binti yake wa pekee, nilijua kusahihisha nakala kabla sijajua kusuka nywele. Watu husema nilizaliwa mhariri. Hawajui nilichofanya msimu mmoja wa mvua, nikiwa na miaka kumi na moja.

Baba alikuwa mashineni simu ilipoita, nikaipokea mimi. Aliyepiga alikuwa mpwa wa Mwalimu Yusto wa Mlola, mzee aliyemfundisha baba kusoma. "Mwambie baba, Mwalimu amelala," alisema, laini ikakatika. Yule bwana alifikiri kwa Kishambaa akasema kwa Kiswahili. Alimaanisha mzee amelazwa hospitalini. Lakini sisi tulikuwa Walutheri, na kwetu simu ikisema mzee amelala, basi ameitwa na Bwana. Niliandika maneno yale yale kwenye karatasi. Baba aliyasoma, akavua miwani, akaandika tanzia bila kuuliza. Ilitoka ukurasa wa kwanza, ndani ya fremu nyeusi.

Wanawake wa Mlola walifika kwa Mwalimu na kuni na unga wa msiba, wakamkuta barazani anakunywa uji. Alikuwa ameruhusiwa jana yake. Baba alinichukua twende naye kuomba radhi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

"Shikamoo, Mwalimu," baba alisema.

"Marahaba, Eliasi. Umeniua hata hodi hukupiga. Nani kaandika habari hii?"

Nilitazama viatu vyangu.

"Mhariri ni mimi, Mwalimu," baba alijibu.

Mzee alinitazama mimi, kisha akachukua kalamu nyekundu na kupiga mstari kwenye tanzia yake. "Nimezaliwa Mgwashi, si Mlola. Siku nikifa kweli, mrekebishe." Wiki iliyofuata masahihisho yalitoka ukurasa ule ule, ndani ya fremu ile ile, na mwishoni: *Kosa ni la mhariri.* Nyumbani baba hakunigusia tena jambo hilo, na kwa hilo nilimpenda sana.

Leo kiti cha baba nakikalia mimi. Habari nyingi tunazirusha kwenye simu za wasomaji, na ikikosewa vijana wangu huifuta kabla chai haijapoa, hakuna anayejua nani alikosa. Sijazoea. Mwaka jana baba alifariki, na tanzia niliiandika mwenyewe. Nilikuwa nimeshika mkono wake, tayari umepoa, lakini nilimwuliza muuguzi mara mbili kama ni kweli.