Miwani ya Dubai Katika Banda la Munira

Jirani yangu Munira alikuwa mtu wa sauti ndogo. Akiagiza chumvi dukani, ilibidi mwenye duka azime redio kwanza. Mimi, Tupokigwe, nimelelewa Tukuyu na watu wanaosalimiana kutoka mlima hadi mlima, na nilikaa naye ukuta kwa ukuta Temeke, nyuma ya soko la Tandika, mwaka mzima kabla sijamsikia akicheka. Kwa hiyo nikisema kwamba mwaka tisini na sita mtaa mzima ulimsikia Munira, ujue nasema jambo kubwa.

Kazi yake ilikuwa banda la gemu. Usinicheke. Utawala wa Mzee Ruksa ulikuwa umeshafungua milango ya biashara, televisheni ndiyo kwanza zimeanza kurusha matangazo Bara, na kila aliyekwenda Dubai alirudi na kitu kinachowaka taa. Munira aliuza cherehani yake, akanunua televisheni iliyotumika na mashine moja ya gemu, akaziweka kwenye banda la mabati ubavuni mwa nyumba. Wenye midomo yao walisema mama wa makamo, tena mtu wa pwani mwenye heshima zake, anakwenda kufuga wahuni. Hao wahuni walivua kandambili mlangoni na kutoa shikamoo mmoja mmoja, maana bila shikamoo hakuna zamu.

Sababu ya banda alikuwa mumewe. Khalfani alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa mpira kupindukia, aliyewahi kulala korokoroni kwa kuruka ukuta wa uwanja. Kisha presha ya macho ikamla taratibu, jicho moja, halafu la pili, mpaka akawa haoni kabisa. Akajifungia chumbani, akakaa ameelekea ukuta. Ukimwambia atoke apunge upepo, anakuuliza, "Nitoke nikafanye nini, nihesabu inzi?" Kitu alichokichukia kuliko giza ni kuonewa huruma. Chakula ukimsogezea karibu mno, hali.

Munira hakumbembeleza. Alimwambia tu kwamba vijana watampanda kichwani na anataka mwanamume wa kukaa mlangoni mwa banda. Khalfani akatoka, akinung'unika, akakalia kigoda chake. Mimi nilikuwa dirishani nakuna nazi, nikajisemea moyoni kwamba huyu mwanamke ana akili ya ajabu.

Wiki ya kwanza ilikuwa balaa. Gemu lenyewe lilikuwa mpira, na banda zima likipiga kelele, Khalfani anauliza, "Nini? Kafunga nani?" Hakuna aliyemjibu, kila mtu macho kwenye kioo. Siku moja akanyanyuka, akaanza kupapasa ukuta arudi chumbani. Hapo Munira, kwa kile kisauti chake, akaweka sheria: anayesubiri zamu atangaze mpira kama redioni. Asiyetangaza, hachezi.

Walicheka, lakini walitangaza. Leonardi kinyozi ndiye aliyeanza, ameshika kikombe cha plastiki kama kipaza sauti, na yeye ndiye aliyewapa wale wachezaji wa kwenye kioo majina ya watu wa mtaani. Beki wa kulia akawa muuza mihogo. Winga akawa mwenyekiti wetu wa mtaa, anayejulikana kwa kutembea kama anaogopa kukanyaga mayai. Kipa siku zote alikuwa Khalfani. Wanawake waliokuwa wakisukana barazani wakaanza kushabikia, na mimi nikawa mshambuliaji. Siku Leonardi aliponitangaza nimekosa penalti, nilimtukana kupitia dirisha, na sijamwomba radhi mpaka leo. Khalfani akawa kocha. Aligomba, akafoka, akarudi kuwa mtu.

Basi, hali ndiyo ilikuwa hiyo Gaspar alipokuja na lile boksi.

Gaspar alikuwa mfanyabiashara wa Kariakoo, kijana wa Moshi mwenye maneno matamu, safari moja Dubai, safari moja nyumbani. Alitoa kwenye boksi dude jeusi kubwa, la kufunga kichwani kwa mkanda, lenye waya wa kuchomeka kwenye mashine. Ukilivaa, alisema, huangalii gemu tena, unaingia ndani yake. Ukigeuka kushoto unaona kushoto, ukigeuka kulia unaona kulia.

Khalfani akaomba alishike. Akalipapasa juu, chini, ndani.

"Hii si miwani ya kuchomelea hii?"

"Hapana, mzee, hii ni miwani ya gemu. Dar nzima hakuna."

"Mie nimevaa ya namna hii miaka ishirini," Khalfani alisema. "Ndani huoni kitu."

Tulicheka sana. Gaspar hakucheka, alikuwa kazini. Alimwambia Munira kwamba amwachie siku mbili tatu aijaribu, na asipoitaka, Brightson wa Mtoni anaisubiri kwa hamu. Huyo Brightson alikuwa na banda kubwa lenye feni. Munira fedha alikuwa nazo, maana mchezo wa akina mama, ule wa kuchangiana fedha kwa zamu, ulikuwa ndiyo kwanza umemfikia. Kilichobaki kilikuwa kukata shauri.

Kesho yake watu walijaa mpaka mtaroni. Leonardi, kama kawaida, wa kwanza. Akavaa miwani, waya ukachomekwa, na televisheni ikawa nyeusi tii. Ndani ya miwani kulikuwa na mashindano ya magari, ila sisi wa nje tulichokiona ni kinyozi mzima anainama, anapinda, anapiga nguzo kwa kiwiko. Tuliangua kicheko. Halafu tukakumbuka sheria. Aliyekuwa anasubiri zamu akachukua kikombe, akakohoa.

"Leonardi anainama," alitangaza. "Anainama tena. Sasa anajikuna."

"Gari iko wapi?" Khalfani aliuliza.

"Sijui, mzee. Mie naona shingo tu."

Wakakubaliana kwamba aliyevaa ajitangaze mwenyewe. Hilo ndilo kosa lao, kumpa Leonardi uhuru huo. Alitutangazia kwamba amewapita wote, ameingia mjini, wanawake wanampungia vitambaa. Tukashangilia. Aliyefuata akaivaa, akasema gari bado liko kwenye mstari wa kuanzia na halijawahi kusogea.

Baada ya hapo hakuna aliyemwamini mwenzake, na kutangaza kukafa. Lakini foleni haikufa. Kila mmoja alitaka kuingia humo ndani walau mara moja, na waliokuwa wakisubiri walikaa wakipiga soga zao chinichini. Niliacha nazi nikasogea dirishani. Khalfani alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, amegeukia bati la banda, uso karibu kabisa na bati, vilevile alivyokuwa akielekea ukuta wa chumbani. Munira alikuwa amesimama na kopo la fedha mkononi, anamtazama.

Jioni nilimkuta Munira bombani.

"Nunua, shoga," nikamwambia. "Umeiona foleni ile?"

"Nimeiona."

"Sasa unasubiri nini?"

"Na Baba Nusaiba nimemwona pia," alisema, maana ndivyo alivyomwita Khalfani.

Nilimshauri anunue, na akiniuliza leo nitamshauri vilevile. Mtu hali mapenzi. Lakini kabla sijamaliza hotuba yangu tulimsikia Khalfani kutoka uani, na alikuwa hasemi, anafoka.

"Mama Nusaiba! Najua unachowaza. Usije ukanifanya mie sababu. Ukiacha kununua hilo dude kwa kunionea huruma, narudi chumbani kwangu, na kigoda hicho umpe mwingine. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mume wangu."

Sikulala vizuri kwa ajili ya yule mwanamke. Akinunua, mumewe anabaki mlangoni kama gunia, hana wa kumwambia lolote. Asiponunua, mumewe anarudi kwenye ukuta wake kwa hasira. Mimi ningepiga kelele, ningelia, ningeita wazee. Munira aliamka asubuhi, akafagia banda, akaivaa ile miwani mwenyewe. Alikaa nayo kitambo, mikono imetulia mapajani, hata hachezi. Alipoivua alikuwa ametokwa na machozi, akayafuta kwa pembe ya kanga. Gaspar alipopita kuchukua jibu, alimrudishia boksi lake.

"Mama, utajuta," Gaspar alisema. "Brightson anaichukua leo leo."

"Achukue, mwanangu. Mungu ambariki."

Khalfani akauliza sababu. Munira akamwambia ukweli, nami nilikuwepo. Alisema humo ndani ni kuzuri, kuna barabara na bahari na taa, lakini aligeuka kulia na kushoto hakumwona mtu anayemfahamu, akapata woga. "Sikuiacha kwa ajili yako," alisema. "Mie mwenyewe sikuipenda." Khalfani hakumwamini. Alinyanyuka, akapapasa ukuta, akaingia chumbani, akafunga mlango. Na mtu mkaidi kama yule akishafunga mlango, amefunga.

Brightson naye hakuchelewa. Wateja wote walihamia Mtoni, na Leonardi akiwa mbele yao, msaliti mkubwa. Benchi za Munira zikawa tupu. Nilikasirika kwa niaba yake, nikapita mtaani namsema kila aliyekwenda huko. Yeye alifagia banda kila asubuhi, akakaa. Chumbani hakukusikika hata kikohozi.

Alasiri moja nikasikia mashine ya gemu inawaka. Nikafurahi kwamba amepata mteja, nikachungulia dirishani. Hakukuwa na mteja. Munira alikuwa peke yake kwenye benchi, ameshika pedi ya vitufe ya kuchezea kama mtu aliyeshikishwa kaa, anacheza mpira. Hakuwahi kucheza hata siku moja. Kisha akajisafisha koo, akafungua mdomo, na ikatoka sauti ambayo sikujua alikuwa ameificha wapi.

"Muuza mihogo ana mpiraaa! Anampa mwenyekiti! Mwenyekiti anaanguka mwenyewe! Aah, mpira wamechukua wale wekundu, wanakuja, wanakuja, Khalfani yuko golini... bao! Mume wangu kafungwa!"

Wanawake waliacha kusukana. Mpita njia akasimama na baiskeli yake. Munira hakumtazama mtu, jasho linamtiririka, anatangaza na huku anafungwa. Bao la pili. La tatu. Koo lilikuwa linamkwaruza, na alikuwa akipiga kelele kuelekea mlango wa chumba uliofungwa. Mimi nilikuwa nalia na kucheka pamoja, siwezi kusema kipi kilizidi.

"Mpira umetoka nje!" alipaza. "Umemgusa beki wetu ukatoka nyuma ya goli! Refa anasema penalti! Penaltiii!"

Akautupia jicho mlango wa chumbani.

"Wanaweka mpira kwenye kibendera cha pembeni, wanapiga hiyo penalti..."

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

"Hiyo kona!" Khalfani alifoka. "Kona, mwanamke! Penalti gani inapigwa kwenye kibendera?"

Baadaye nilimuuliza Munira kama kweli hakujua kona. Alikuwa ameusikiliza mpira huo miaka miwili, kila siku ya Mungu. Alicheka tu.

Khalfani alikuja akipapasa ukuta, haraka kuliko nilivyowahi kumwona, anagomba njia nzima, mpaka mguu wake ukagusa benchi. Hakukaa kwenye kigoda cha mlangoni. Alikaa pale pale, bega kwa bega na mkewe.

"Kipa nani?" aliuliza.

"Wewe."

"Nimefungwa mangapi?"

Munira alitazama kioo, kile kisauti chake kikamrudia. "Saba, mume wangu."

Khalfani akavuta pumzi, akapangusa uso kwa kiganja.

"Anza upya," alisema. "Na safari hii utangaze vizuri."