Mikono ya Utomvu

Nakumbuka siku niliyompokonya mama mmoja kitabu mbele ya watu, kule Isingiro, kwa sababu mikono yake ilikuwa myeusi. Mwanangu, nywele zangu zimekwisha kuwa nyeupe, lakini hasira niliyo nayo juu ya nafsi yangu kwa siku ile haijazeeka.

Nilikuwa muuzaji kwenye gari la vitabu la Mwalimu Kemilembe, mwalimu mstaafu wa Kayanga. Ilikuwa pikapu yenye turubai, rafu mbili na honi kali. Isingiro tulifika mara moja kwa mwezi. Honi ikilia, watu walitoka migombani.

Yule mama alitoka kwenye nyumba ya harusi, alikokuwa akimenya ndizi na wenzake. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitabu cha Baiolojia, nakala pekee iliyobaki. Alisema anarudia mtihani wa kidato cha nne, anajisomea mwenyewe, na zimebaki wiki tatu. Mimi, badala ya kumpa shikamoo, nikaitazama mikono yake.

"Weka hicho! Kanawe kwanza."

"Nimenawa, mwanangu. Huu ni utomvu wa ndizi. Hautoki."

"Basi rudi utakapotoka." Nikakivuta kitabu.

"Ee, huyu kazaliwa Ulaya!" mwenzake akapaza sauti. "Muulizeni, kwao ndizi anamenya nani?"

Watu walicheka. Yule mama hakucheka. Alijifuta kwenye kanga mikono iliyokwisha kukauka, akaondoka.

Mwanangu, mama yangu alimenya ndizi maisha yake yote. Nilijua kabisa kwamba utomvu ukishakauka hauchafui kitu. Nilijua! Shati jeupe na ufunguo wa gari vilinitosha kujifanya sijui. Mwacha asili ni mtumwa.

Mwalimu alikuwa akinywa chai nyumba ya jirani. Aliporudi na kusikia, alininyooshea viganja vyake, vyeusi hadi kwenye kucha.

"Nimemenya alfajiri, ndipo nikavipanga vitabu hivi vyote. Funua! Nionyeshe doa."

Nikafunua kimoja, cha pili, cha tatu. Hapakuwa na doa.

"Mfuate. Kwa miguu. Na kitabu umpe bure."

Kwenye nyumba ya harusi wanawake waliniona, wakaendelea kumenya. Niliuliza anaishi wapi. "Umemfukuza bila hata kumuuliza jina," mmoja akasema, "sasa unataka tukutajie sisi?" Nilizunguka migombani mpaka honi ya kuondoka ikalia. Mwezi uliofuata hakuja. Wala uliofuata huo.

Siku hizi ninyi wauza vitabu mnavibeba kwa pikipiki, mmevifunga nailoni. Juzi, Nyakasimbi, nimemsikia mmoja wenu akimwambia mfugaji asogee nyuma, ananuka ng'ombe. Vitabu hivyo mnampelekea nani basi? Wa Kayanga wana maduka mlangoni!

Shika haya. Msalimie mtu kabla hujamtazama mikono. Muulize jina. Kitabu mwache akishike, akifunue, akinuse akitaka, maana kitabu kinachong'aa sandukuni ni mzigo tu wa pikipiki. Na ukikosea, kimbia kurekebisha saa ile ile, kwani maji yakimwagika hayazoleki.

Mungu akupe njia kavu, matairi yasiyochoka na ulimi wenye adabu. Yule mama wa Isingiro, mpaka leo sijui kama aliufanya mtihani wake.