Njoo Umtukane Kaka Yangu

Mimi darasa la nne sikulimaliza, lakini ukiulizia mbao za mninga Tabora nzima utaletwa kwangu, Cheyo, kwenye geti la bluu. Malori ni yangu, mashine za kupasulia ni zangu, na wenye digrii zao huja kuniagizia vitanda kwa sauti ya upole. Sijisifu, nasema yalivyo.

Mbao za karakana ya gereza nilikuwa napeleka mwenyewe. Humo ndimo nilimompata mtani wangu, Mzaramo, mpasuaji mbao aliyemuua mwenzake kwa shoka huko porini. Alihukumiwa kunyongwa, baadaye ikawa kifungo cha maisha. Mimi ni Mnyamwezi. Wazee wangu walibeba pembe kwenda pwani wakipita kwao, wakatukanana njia nzima mpaka wakawa ndugu. Sisi tukaendelea walipoishia.

"Mnyamwezi, mpaka leo unabeba mizigo tu?"

"Nabeba, lakini jioni narudi kwangu. Wewe je?"

Vumbi la mbao lilielea kwenye mwanga wa dirishani, jekundu, likishuka taratibu kama halina haja ya kufika chini. Nilikuwa nasahau niko wapi.

Siku moja napakia magunia ya maranda, akapaza sauti: "Mtani, leo naondoka na lori lako!"

"Panda! Mzaramo gani atafika pwani kwa miguu?"

Askari aliyekuwa zamu alicheka mpaka akajishika mbavu.

Na kweli alipanda. Nilipofungua bodi nyumbani nilikuta magunia yamesukumwa pembeni, na katikati ya maranda yaliyomwagika kuna bonde lenye umbo la mtu aliyelala ubavu. Nikaligusa. Lilikuwa bado na joto, au ni mimi niliyetaka liwe nalo.

Walimkamata njia ya mashariki, ile ya misafara ya zamani, amekaa kisimani anaosha miguu. Na mimi wakaniweka mahabusu. Wakaniuliza, ulijua? Nikawajibu, aliniaga mbele ya askari wenu, na huyo askari akacheka kuliko mimi. Waliniachia, lakini gerezani sikukanyaga tena, na jina la mtani sikutaka kulisikia.

Mwaka huu, wakati wa kipupwe, akafia humo humo. Kifua, walisema. Dada yake alikuja na treni kutoka pwani, akasimama kwenye geti langu, kanga imeshika vumbi.

"Wewe ndiye mtani wake?"

"Nilikuwa. Alinilaza mahabusu."

"Alasiri tunamzika. Watani niliowafuata mtaa wa Mtendeni hapa mjini wamekataa, wanasema muuaji hataniwi. Sasa kaka yangu afukiwe kimya kama mbwa aliyegongwa barabarani?" Hakulia. Macho yake yalikuwa makavu kama ya mtu aliyesahau namna. "Alichofanya nakijua. Mimi sikuombi umsamehe. Njoo umtukane kaka yangu."

Nikachukua ufunguo wa lori.

Lilikuwa lile lile. Tulimtoa chumba cha maiti, nikaendesha polepole kuliko nilivyowahi kuendesha maishani, na nyuma maranda machache yaliyobaki yakawa yanapeperuka. Makaburini walikuwepo watu wachache na askari mmoja mgeni. Jeneza lilipofika ukingoni, nikaruka shimoni nikalala chali.

"Pamejaa!" nikapiga kelele. "Mzaramo arudi kwao!"

Askari akasogea. "Mzee, una akili timamu?"

"Muache," dada akamwambia. "Huyo ni mtani."

Kutoka chini mbingu ilikuwa ndogo, kama dirisha la karakana. Udongo ulikuwa baridi mgongoni. Nilisikia sauti yangu kana kwamba inatoka kwa mbebaji mmoja wa zamani, amechoka, ametua mzigo.

"Muuaji we! Miguu mibovu we! Ulidandia lori langu kama gunia, ukaishia kisimani. Leo nimekubeba kwa ruhusa, umelala kama bwana harusi, hata asante hakuna!"

Dada alianza kucheka. Akacheka akiinama, na kicheko kikakatika katikati kikawa kilio, kirefu, cha sauti. Wanawake wawili wakamshika. Aliponyamaza akanitupia kofia ya marehemu, iliyorudishwa na gereza, iwe kikomboleo cha kaburi, maana mtani hatoki shimoni bila kulipwa.

Nikaivaa. Inanibana, kichwa changu ni kikubwa. Nikatoka shimoni, nikampisha.

"Haya, mtani. Panda."