Nungu Bado Yuko Kando ya Mto

Juzi mpwa wangu, binti wa mdogo wangu wa kiume, alinijia na ombi. Anafundisha watoto wa darasa la pili hapa Kikula, na shule yao imepata chumba kidogo cha kusomea, chenye mkeka na rafu na vitabu vichache sana. Alitaka nimchagulie hadithi za wanyama zinazofaa watoto, zile nilizokulia nazo, ili awasomee. "Tantine, weye njo unazijua," akaniambia. "Kaku alikuachia zote." Kaku ndivyo tulivyomwita bibi yetu. Nilifurahi, nisikufiche. Siku hizi ni nani anayemuuliza mwanamke wa umri wangu jambo jingine zaidi ya bei ya makala, makaa ya kupikia?

Basi nikamchagulia. Nilimpa ya kobe aliyekwenda kuposa akafika harusi imekwisha, na ya mbwa aliyetumwa kuomba moto akanogewa na joto la wenyewe. Nikamwambia aachane na zile ambazo mwishoni mtu mzima anajitokeza kumhimiza mtoto awe na adabu. Mtoto anaisikia harufu ya dawa kabla hajafunua mdomo. Atafute hadithi ambamo mnyama mdogo anaogopa kwelikweli na hakuna anayemcheka kwa kuogopa. Na chui amrudishie ujinga wake wa zamani. Utotoni mwetu chui hakuguswa, maana mkubwa wa nchi alivaa kofia ya ngozi yake, na mkuu wa seli ya chama alikaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Kaku akisikia viatu vya mkuu yule barabarani, chui wake aligeuka fisi hapo hapo, na fisi maskini ndiye aliyetumbukia kwenye chungu cha uji. Sisi tulijua. Tulicheka midomo imefumbwa.

Mpwa wangu aliyapokea yote vizuri, kisha akauliza: "Na ile ya nungu? Inaishaka namna gani?"

Nikasema nina sufuria motoni, nikakimbilia jikoni, ilhali sufuria yenyewe ilikuwa imeoshwa tangu mchana. Ili uelewe kwa nini mtu mzima nilimkimbia nungu, lazima nikurudishe kambini.

Tulikaa kambi ya wafanyakazi wa kampuni, nyumba za matofali zilizofanana hivi kwamba mgeni aliweza kuingia kwa jirani, akavua viatu na kuomba maji kabla hajagundua. Baba alikuwa fundi umeme kiwandani. Maisha yetu yaliendeshwa na siréni, king'ora cha kiwanda: ikilia, wanaume wanaingia kazini, ikilia tena, wanatoka. Lakini siréni iliyolia si saa yake ilikuwa na maana moja tu, kwamba huko ndani mtu ameumia. Hapo wanawake walitoka nje na unga mikononi, wakasimama mlangoni bila kusemezana mpaka jina litajwe. Nilijifunza woga huo kabla sijajifunza kusoma.

Nadhani kaku naye ndiyo sababu alijiwekea sheria yake. Hadithi zilianza jioni baada ya bukari, yaani ugali, na vidagaa vya ndakala, tumeizunguka babula, jiko letu la makaa, kila mtu na bakuli la karanga za kubangua. Lakini baba akiwa kazini, hadithi haikwisha. Kaku aliifikisha mahali pabaya kuliko pote, meno yako karibu na shingo, halafu akakung'uta maganda kwenye kitenge chake na kunyamaza. Tulilia, tulimbembeleza, tulimnunia. "Baba yenu iko inje," alijibu. "Hatufungaka hadisi kama muntu wa nyumba iko inje. Tukifunga, ataingiliya wapi?" Ilibidi baba arudi, aegemeze baiskeli ukutani, anawe, aketi. Ndipo mnyama alipookolewa. Kwa hiyo kengele ya baiskeli ile tuliingoja kwa mambo mawili.

Ukaja mwaka ambao vita vilikuwa upande wa magharibi. Redio ilisema kila siku kwamba hali imetulia, na kila iliposema hivyo maman aliongeza ndoo ya maji ndani ya nyumba. Katikati ya hayo baba akatumwa na wenzake kwenye bwawa la umeme la Mwadingusha, kuna nyaya zimeharibika. Alisema Jumamosi atakuwa nyumbani. Maman alimfungia mihogo ya kuchemsha na sweta, wakapanda lori la kazi, wakaenda.

Jioni ile kaku akaanza hadithi ya kabuluku, yule paa mdogo wa porini kwetu. Kabuluku ametumbukia kwenye shimo la wawindaji, na mvua imeanza kunyesha. Akapita tembo, akasema mimi nikiinama hapa nitaangukia ndani, tutakuwa wawili. Akapita fisi, akasema vumilia, nitarudi ukishalainika. Maji yakafika magotini. Kaku akakung'uta maganda.

Jumamosi ikaja bila baba. Jumapili maman alirudi misani akakaa mlangoni na nguo zake za kanisa mpaka giza. Jumatatu tukasikia kwamba wanajeshi wameweka kizuizi barabarani, wanawashusha wanaume kwenye malori na kumuuliza kila mmoja amezaliwa wapi. Maman hakulia mbele yetu. Alipika kama kawaida, akaweka sehemu ya baba kwenye sahani, akaifunika na sahani nyingine. Asubuhi alitupa sisi tuile, na hakuna chakula nilichowahi kukila kwa shida kama kile.

Na mvua ilinyesha, ndugu yangu. Ilinyesha kama iliyotumwa. Mdogo wangu alikuwa bado hajaanza shule, na kichwani mwake shimo la kabuluku na ua wetu vilikuwa kitu kimoja. Alichukua kopo la nyanya, akalisimika uani, na kila akiamka alikimbia kulichungulia. "Maji imefika ku tumbo," alikuja kutuambia. Kesho yake: "Imefika ku kifua." Hakuna aliyemwambia hivyo ni ujinga, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa akilitazama kopo lile kwa jicho la pembeni. Mimi nilianza kuamka kabla yake. Nilitoka na kanga ya maman begani, nikamwaga nusu ya maji, nikalirudisha kopo palepale.

Siku moja nikatumwa chumvi kwenye duka la mzee mmoja Mwislamu aliyetoka mashariki, upande wa Kasongo. Alitupenda watoto wa mtaa. Akaniuliza mbona nimenuna, nikamwambia kuhusu kabuluku na shimo. Uso ukamfunguka. "Ah, ile hadisi! Kwetu tunaijua. Basi yule paa, wakati maji..." Niliziba masikio kwa viganja vyote viwili, nikakimbia huku naimba kwa sauti ili nisisikie hata herufi, nikaacha chumvi kaunta.

Jioni mzee akaja mwenyewe mpaka kwenye ua wetu, chumvi mkononi imefungwa kwenye karatasi. Mtu alikuwa amekwisha kumweleza sheria ya nyumba yetu. Hakuingia. Alisimama na kofia yake ya kufuma, akamwita kaku. "Mama, minye sikufunga," akasema. "Nilisema maneno mbili tu, mutoto akakimbia. Hadisi iko vile mulikuwa munaiacha."

"Aksanti, baba," kaku akajibu. Akaipokea ile chumvi kwa mikono miwili. "Nilikuwa naogopa."

Nilishtuka. Mpaka siku ile niliamini kwamba sisi watoto na maman ndio tuliogopa, na kaku anatuchezea tu kwa ukaidi wa wazee. Usiku nililala nikimgusa mgongo.

Baba alirudi mchana wa siku ambayo hakuna aliyekuwa mlangoni. Alikuja kwa miguu, amekonda, sweta limejaa matope, bila mfuko wake wa vifaa. Maman alimwona, akaingia ndani, akatoka na sahani mikononi. Kisha ndipo alipolia. Baba alikula bila kunawa, na katikati ya matonge akatusimulia. Walishushwa kwenye kizuizi. Waliwapasulia wanajeshi kuni, wakawatekea maji, kila asubuhi wakiulizwa yale yale ya kuzaliwa wapi. Halafu mvua ikazidi, maji yakaingia kwenye mahema, magodoro na magunia ya unga yakaanza kuelea. Mkuu wao alipandwa na hasira, akawafokea wale mafundi waondoke mbele ya macho yake, hana mahali pa kuwaweka. Wakaondoka, wakitembea haraka bila kukimbia.

Kaku alisikiliza yote, vidole vimesimama ndani ya karanga. Baba alipomaliza, akasema, "Sasa mukae. Nifunge hadisi."

Akatuambia kwamba kabuluku aliilaani mvua mpaka sauti ikamkauka. Maji yakafika shingoni. Kabuluku akafumba macho, akaanza kupiga miguu, maana hakuwa na jambo jingine la kufanya. Akapiga, akapiga, na yale maji aliyoyalaani yakamwinua polepole, mpaka pua yake ikagusa majani ya ukingoni. Akaweka mguu nje. Akaenda zake nyumbani bila hata kujikung'uta. Baba alikuwa amelala kabla ya hapo, kichwa ukutani. Mdogo wangu alichomoka kwenda kulitazama kopo lake, akakuta limejaa pomoni, na mimi nilicheka mpaka machozi, nikikumbuka nilivyokuwa nikiyamwaga maji ya wokovu kila asubuhi.

Hadithi hiyo nimemwambia mpwa wangu aitangulize. Mtoto anayemngoja mtu anaihitaji kuliko wote.

Ilinichukua miaka kuelewa alichokuwa akikifanya kaku. Alipoanza hadithi ile hakuwa na mwisho wake kichwani. Ya mzee wa duka iliisha vingine kabisa. Nilimuuliza baadaye, na afadhali nilikimbia. Mwisho wa kabuluku ulikuja na baba, kwenye matope ya sweta lake. Kaku aliupokea na kuushonea mahali pake. Ndivyo alivyofanya kila baba alipotoka kazini, akimsikiliza kwanza anapopiga maji usoni na kulalamika kuhusu siku yake. Sisi tulidhani anamngoja anawe.

Kisha ikaja miaka ya mwisho ya utawala ule wa kofia ya chui, viwanda vikanyamaza kimoja baada ya kingine. Siréni ilipokoma, maman alikuwa akiuliza saa kama mtu aliyepotea njia. Mdogo wangu alikuwa ameoa, mke wake mjamzito, kazi hakuna. Akapanda lori la kwenda kusini, ng'ambo ya mpaka, kutafuta mgodi unaolipa. Alisema tutapata habari zake kabla ya Noeli.

Jioni ile kaku, ambaye macho yalikuwa yamemwishia, alituita tuketi, watu wazima sasa. Nungu, alisema, alitaka kuvuka mto akamtafutie mkewe mizizi, maana upande wao nchi imekauka. Akamkuta kiboko. Kiboko akasema nitakuvusha mgongoni, lakini miiba yako itanichoma. Ing'oe yote, uiache ukingoni. Nungu akayatazama maji. Akaitazama miiba yake. Akang'oa mmoja. Kaku akakung'uta kitenge, ingawa hatukuwa na karanga.

Habari za mdogo wangu zilikuja mara moja na dereva mmoja, halafu hazikuja tena. Kaku alifariki kiangazi kilichofuata. Maman na baba nao wamekwenda. Nyumba za kambi zimeuzwa na kupakwa rangi kila moja ya kwake, mgeni hapotei tena. Kwenye duka la mzee wanauza vocha za simu. Mimi simu yangu ikiita kwa namba nisiyoijua, mpaka leo naikimbilia, na sijawahi kuizima hata nikilala.

Haya yote nilimweleza mpwa wangu jana aliporudi, maana alirudi, mkaidi kama baba yake. Alisema watoto wa darasani wanataka mwisho wa nungu. Nilimtazama. Huyu ndiye aliyekuwa tumboni siku ile ya lori. Yeye baba yake anamjua kwa picha moja tu iliyopauka. Nikaelewa kwamba hakuwa anawaulizia watoto.

Nisikudanganye, ulimi ulikuwa tayari. Ni kazi ndogo kumvusha nungu, kumpa mizizi, kumrudishia miiba yake. Au kumwacha azame, tukalia, tukafanya matanga, tukapumzika. Nimezeeka, naogopa kufa nikiwa nimemwacha pale pale. Nilifungua mdomo, nikaona siwezi.

"Mwisho ya ile hadisi minye sina," nikamwambia. "Kaku pia hakukuwa nayo. Iko na baba yako."

Alibangua karanga zangu bila kula hata moja. Kisha akasimama, akakung'uta maganda kwenye kitenge chake.

"Basi nitabasomea mpaka pale ku muto," akasema.

"Na batoto bakiuliza?"

"Nitabaambia mwenye mwisho angali inje."