Risasi Nzito na Naam ya Jaku

Watu wa mjini wakisikia kwamba Mkubwa Simai anamwogopa nguruwe, hucheka. Na wacheke! Hawajaliona dume la nguruwe mwitu la huku kusini, linalotoka maweni usiku likavuruga konde zima la mihogo, na mchana likikutana na mtu halimpishi njia. Mkubwa ni msasi, amewinda tangu ujana wake, na kila asubuhi ya msako huogopa. Hafichi. Husema, "Mie naogopa. Asoogopa na atangulie."

Siku ile woga ulimzidi, na sababu ilikuwa risasi. Bunduki yake ni ya mtutu mmoja, haipokei risasi mbili. Mfuko wa kushoto alitia marisau, zile punje anazopigia kunguru na kima. Mfuko wa kulia alitia risasi nzito, ya kipande kimoja kinene kama kidole gumba. Mwaka jana rafiki yake Abrahman alilipiga dume kwa marisau, likawa kama limerushiwa mchanga. Liligeuka likampasua paja, na mpaka leo Abrahman anachechemea.

"Tia nzito," Abrahman alimwambia pale kondeni. "Hizo nyengine zinamkasirisha tu."

"Nzito inampenya, Abrahman. Inampenya yeye na kilicho nyuma yake."

Na nyuma ya nguruwe huwa kuna mtu. Msako wao ndivyo ulivyo: mbwa na mswagaji huingia upande wa pili wa kichaka, wakamfukuza mnyama aje kwa mwenye bunduki. Mswagaji wa siku ile alikuwa Jaku, mdogo wake Mkubwa, baba mmoja mama mmoja. Marisau hayamtoshi nguruwe. Nzito inamtosha nguruwe, na Jaku pia. Mkubwa aliitia nzito kwenye bunduki, akamwita mdogo wake.

"Jaku, mie nkikuita tu, itika. Popote ulipo, itika nkusikie."

"Nshasikia, kaka," Jaku alisema, akazunguka na mbwa kuingia upande wa pili wa kichaka.

Mbwa walibweka, kisha wakanyamaza ghafla. Kichaka kikatikisika.

"Jaku!" aliita. Kimya. "Jaku wee!"

Kimya. Dume likatokeza, pana, chonge nje, linamjia moja kwa moja. Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio, na woga ukimwambia piga, piga, utakufa.

"Naam!"

Sauti ilitoka nyuma ya dume, pale pale mtutu ulipoelekea.

Mkubwa aliinua bunduki juu. Hakupiga. Dume lilimvaa, likamwangusha kwenye mawe, likampasua mguu na kwenda zake.

Jaku alimkuta chini, bunduki bado ina risasi yake.

"Kaka, mbona hukupiga?" aliuliza huku analia.

Kwenye pikapu ya kumpeleka hospitali mjini, Jaku aliufunga mguu ule kwa shati lake, akampakata kichwa. Wenzao walidhani Mkubwa anaweweseka kwa maumivu, maana hakuacha kuita, macho kafumba.

"Jaku!"

"Naam, kaka. Niko hapa."

Alipoisikia naam ile alitulia kidogo, halafu akaita tena.